Mayai Yaliyooga Chai

Jamani, nisikilizeni, na atakayechoka aondoke kimya kimya asinikatishe. Mimi ni mwanamke, fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, na baraza langu linatazamana na geti la nyumba ninayotaka kuwasimulia. Kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho haya, na yale nisiyoyaona aliyatamka mwenye kuyatenda siku alipobanwa mbele yetu sote. Msiniambie nimetia chumvi. Ningekuwa na chumvi ya kutia, ningeitia mahali penye utamu kuliko hapa.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa raha kuzitazama. Jua likichomoza tu, mwanamke tuliyemwita Mama Mayai anafungua mlango wa banda na kuku wake wanamwagika nje kama watoto walioachiwa mapumziko. Banda lenyewe halikuwa la kawaida. Lilikuwa la mbao, dogo, limekaa juu ya magurudumu ya mkokoteni, na kiwanja kizima nyuma ya nyumba alikigawa vipande vipande kwa wavu. Kuku walikula majani ya kipande kimoja, wakachakura wadudu, wakaacha mbolea yao. Majani yakianza kupungua, Mama Mayai anasukuma banda hadi kipande kingine, na kile cha kwanza kinaachwa mpaka kiote tena. Nikimwuliza kwa nini anajitesa kusukuma banda kama gari lililoishiwa mafuta, ananijibu huku anahema, "Jirani, kuku akikanyaga kinyesi chake kila siku ataumwa tu. Hata wewe ungeumwa." Basi tunacheka, naye anaendelea kusukuma.

Mayai yake yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo. Ukilivunja, kiini kinasimama, cha njano iliyokolea. Na hakuyaosha kamwe. Yai likiwa na vumbi analifuta kwa kitambaa kikavu. Uchafu ukigoma kutoka, yai hilo haliuzwi, linachemshwa linaliwa pale pale nyumbani. Wateja walimtania kwamba mayai yake hayajui kuoga. Yeye akawajibu, "Yai hutagwa likiwa na koti lake. Ukilitia maji umelivua koti, na uchafu umepata pa kuingilia." Naomba maneno hayo myaweke mahali, tutayarudia.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwepo Bibi, mama mzazi wa mume wake. Bibi alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo na alirudi nyumbani mwepesi, mifupa mitupu. Aliyemrudishia mwili ni mkwe wake. Kila asubuhi Mama Mayai alichukua yai lililotagwa muda ule ule, bado lina joto la kuku, akalipiga kwenye bilauri, akamimina maziwa ya moto juu yake na kumpelekea. Mwanzoni alimsihi ale la kuchemsha. Bibi alikataa katakata.

"Yai la kuchemsha ni la safarini, mwanangu," alisema. "Mimi naenda wapi?"

"Basi nitakupa la papo hapo tu, mama. La jana silitaki likufikie."

"Nipe unavyojua. Mkono wako ndio umeniinua kitandani."

Walipendana wale wawili. Kuna watu humu mtaani wenye mama zao wa kuwazaa na hawajawahi kupendana nao hivyo. Bibi akishakunywa anakaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni na kuwasimanga kuku: huyu mvivu, yule mwizi wa kiota cha mwenzake, huyo jogoo anajiona waziri. Siku zikaenda, Bibi akaanza kutembea hadi getini, na siku moja akavuka barabara akaja kwangu kunikagua kama nashona vizuri. Alisema nashona ovyo. Nilifurahi jamani, nikamwona kweli amepona.

Sasa tufike kwa mume. Alikuwa dereva wa kampuni, kampuni ikafungwa, akakaa nyumbani akihesabu magari ya wenzake yanayopita. Kisha siku moja akavaa shati la kuchomekea, akatangaza kuwa kuanzia leo yeye ndiye msimamizi wa mauzo ya mayai. Sisi tukambandika jina la Meneja kwa kumcheka. Mwenzetu akalipenda! Ukimwita hivyo anaitika na tabasamu juu.

Sitamnyima haki yake. Mdomo wa kuuza alikuwa nao. Alipata maduka, akapata watu wa maofisini, na hatimaye akaipata hoteli moja kubwa iliyotaka mayai ya kuku wanaotembea na kula majani, si ya kuku wa vizimba. Walitaka mengi. Kuku wa Mama Mayai hawakuweza kutaga mengi kiasi hicho hata wangeamua kukesha. Nikawasikia wakibishana uani, maana ukuta wao ni mfupi na masikio yangu ni marefu.

"Ongeza kuku," Meneja alisema.

"Niwaweke wapi?"

"Si hapo hapo? Kiwanja kikubwa chote hiki, nusu nzima imelala tu inaota majani."

"Haijalala, inapumzika. Nikijaza kuku hapa majani yataisha, ardhi itaanza kunuka, watadonoana mpaka watoane damu. Halafu nitakuwa nauza mayai gani?"

"Mayai ni mayai, mke wangu."

"Haya, kanunue ya popote basi, uone kama mayai ni mayai."

Alisema hivyo kwa hasira ya kawaida ya mke na mume, ile ambayo ikifika jioni imeshapoa. Yeye akaichukua kama ruhusa.

Alichofanya ni hiki. Alikwenda kwenye shamba moja la kuku wa vizimba akanunua mayai meupe, ya bei ya kutupwa. Akayaingiza nyumbani kwa mlango wa nyuma, mke wake akiwa anahangaika na wavu, akayafungia kwenye stoo aliyodai ni ya vifaa vya gari. Humo alichemsha majani ya chai yakawa meusi tititi, akaimimina chai kwenye beseni, na ilipopoa ikawa vuguvugu akayaogesha mayai ndani yake mpaka yakapata rangi ya mayai ya mke wake. Akayaanika juu ya magunia. Yakikauka anayapanga kwenye trei, anachanganya na machache ya kweli juu juu, safari ya hotelini. Chai ile hakuimwaga. Aliona hasara. Kesho yake anaiongezea maji kidogo na majani kidogo, anaogesha mengine, ina manyoya, ina kinyesi kilichobanduka, imeanza na kutoa povu. Naona mnakunja nyuso. Kunjeni, lakini mjue watu wazima wenye akili zao walikuwa wakiyala mayai hayo na kusifia.

Ndani ya nyumba kitu pekee kilichoonekana ni kwamba majani ya chai yalikuwa yanakwisha. Pakiti kubwa inafunguliwa, baada ya siku chache imebaki vumbi, na sukari iko vile vile. Bibi ndiye aliyeligundua, akalifanya kichekesho.

"Huyu mwanangu majani ya chai anayatafuna?" aliuliza siku moja, nami nipo. "Chai ya humu imepauka kama maji ya kunawia, na pakiti tupu. Mke wake, mkague meno!"

Tulicheka sana. Meneja naye alicheka. Sasa hivi nikikumbuka kicheko chake natamani tungemkagua meno kweli.

Hotelini kulikuwa na mpishi mmoja mtu makini. Akaanza kuona viini vyeupe vyeupe, vinavyotapakaa vikimiminwa kwenye bakuli. Akamwambia Meneja, "Kesho mzigo wote nitauvunja yai moja moja mbele yako. Nikikuta viini hivi tena, tusijuane." Meneja akapata joto. Alihitaji mzigo wa mayai ya kweli matupu, hata ukiwa pungufu, bila kubakiza hata moja nyumbani, na alihitaji mke wake asiulize yamekwenda wapi.

Basi asubuhi hiyo akaamka kabla ya mke wake. Akaenda bandani na kikapu. Mke alipotoka akamkuta anarudi, kikapu kimejaa mkononi, anamwambia, "Leo pumzika mke wangu, nimeshakuokotea. Ya hoteli nimeyatenga, haya ni ya nyumbani na ya wateja wa jirani." Mama Mayai alinihadithia baadaye kwamba machozi yalimlengalenga kwa furaha. Tangu aanze kufuga, mume wake hakuwahi kuinama kuokota yai hata moja. Aliwaza kwamba sasa wamekuwa kitu kimoja. Akakipokea kikapu kile kwa mikono miwili.

Kikapu chote kilikuwa na mayai ya beseni. Na Meneja alijua mama yake anakunywa yai bichi kila siku inayokuja duniani. Alipoulizwa siku ile ya kubanwa, alisema alikuwa anawahi tu hotelini, alidhani mama atakuwa ameshakunywa, alidhani halitamdhuru, alidhani hivi, alidhani vile. Mimi nasema alijua, akaweka hoteli mbele.

Mama Mayai akachukua yai moja, akalivunja kwenye bilauri. Kiini kikatoka kimepauka, kikalala. Akalitazama. Akasema peke yake jikoni, "Leo kiini kimekuwaje? Labda majani ya kipande kile yamekauka, niwahamishe." Akalipiga, akamimina maziwa, akampelekea mama. Bibi alikunywa akalalamika kuwa maziwa yana harufu ya chai, na wote wawili wakacheka kwamba Meneja sasa anatafunia hadi kwenye sufuria ya maziwa.

Kesho yake Bibi hakutoka mlangoni. Alikuwa anatapika na kuharisha, mwili wa moto. Tumbo lile lililoshonwa juzi halikuwa na nguvu ya kupambana. Tulimbeba mimi na Mama Mayai hadi kwenye gari, na hospitalini akatundikiwa maji chupa baada ya chupa. Daktari akauliza alikula nini. Mama Mayai hakuficha kitu.

"Alikunywa yai bichi, daktari. Nilimpa mwenyewe. Na niliona kiini kimepauka, nikampa hivyo hivyo."

Daktari akasema wadudu wa ugonjwa ule hukaa kwenye mayai, na kwa mtu dhaifu ni hatari. Meneja alikuwa amesimama pembeni, ameegemea ukuta. Nilimwona amebadilika rangi. Nikadhani ni uchungu wa mama. Hakufungua mdomo.

Bibi alikata roho kabla wiki haijaisha, mkono wake uko mkononi mwa mkwe wake.

Hapo ndipo akaingia wifi, dada yake Meneja, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alifika hospitalini, akaambiwa habari ya yai, akamgeukia Mama Mayai katikati ya korido, wagonjwa na wauguzi wakitazama.

"Umemuua mama yetu kwa uchafu wako! Dunia nzima inaosha mayai, wewe huoshi! Unajisifu nayo kabisa, mayai hayaogi, mayai hayaogi! Haya, furahi sasa!"

Mama Mayai alipokea kila neno. Alikuwa anakubali. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kelele zenyewe, kwamba alikuwa anaitikia kwa kichwa anakubali. Na mume wake aliyejua ukweli wote alimshika dada yake begani, akasema, "Basi dada, yameshatokea." Nilimsifu kwa busara! Nikasema moyoni, angalau huyu anamwonea mke wake huruma.

Habari ilienea mtaani. Wateja wakaacha kuja. Wengine wenu mliokaa hapa mlipita mbele ya geti lile mkafunika pua, kama kwamba mayai yanaambukiza kwa upepo. Msitazamane. Mnajijua.

Akaja bwana mifugo kukagua. Alizunguka kiwanja, akatazama banda, akatazama maji ya kuku, akashangaa. "Mbona ni safi hivi?" alisema. "Sioni kuku mgonjwa. Nichukue vipimo kwanza nipeleke maabara. Majibu yakija ndiyo tutajua kama tatizo liko hapa au liko kwingine."

Aliposikia neno kwingine, Meneja akawaka.

"Vipimo vya nini? Mama yangu yuko kaburini na wewe unataka kupima? Mimi siwezi kuwaona kuku hawa hata siku moja zaidi. Wachinjwe wachomwe wote, leo. Kama kuna mtu ana uchungu na mama yangu anisaidie kuchimba shimo."

Tulimwona mtoto mwenye uchungu. Bwana mifugo akasema kuku ni wako, uamuzi ni wako. Shimo likachimbwa. Lakini kuku waliozoea kutembea hawashikiki kirahisi, wanakimbia, wanapenya kwenye wavu, wanaume wakabaki wanaanguka ovyo. Ndipo Mama Mayai akatoka ndani na bakuli lake la mahindi. Akawaita kwa ule mlio anaowaitia siku zote. Wakaja wote mbio wakamzunguka miguuni, na wengine wakarukia bakuli. Akawa anamwinamia mmoja mmoja, anampangusa mgongoni, anamkabidhi mwenye kisu. Alifanya hivyo hadi wa mwisho. Moshi uliingia hadi kwenye vitambaa vya wateja wangu.

Baada ya hapo hakukanyaga tena nyuma ya nyumba. Alikuwa akija barazani kwangu anakaa, mikono mapajani, na maneno yake ni yale yale.

"Niliona kiini kimepauka, jirani. Niliona. Kwa nini nisilimwage?"

Nilimwambia ni bahati mbaya, shoga yangu, acha kujiua. Hakunisikia. Alikonda, akawa yeye sasa ndiye mwenye mwili wa Bibi wa zamani. Na huku wifi ameshaitisha kikao cha ndugu ili waamue kama mwanamke huyo aendelee kuishi kwenye nyumba ya marehemu. Nyumba ilikuwa ya Bibi, nanyi mnajua ndugu wanavyoijua nyumba.

Siku ya kikao, mchana, kabla ndugu hawajatimia, alikuja mgeni hadi barazani kwangu akiulizia nyumba ya Meneja. Alikuwa yule mpishi wa hoteli. Alisema alikuwa likizo, amerudi jana, ndipo akasikia kuna msiba. Nikamwonyesha Mama Mayai aliyekuwa amekaa kando yangu. Akavua kofia, akampa pole.

"Na nawashukuru," akaongeza, "hata kwenye majonzi hamkutuangusha. Mayai yameendelea kufika kila siku, mpaka ya leo asubuhi. Ila, mama, samahani kwa kuliingiza hili wakati huu, viini vimeanza tena kupauka."

Mama Mayai alimtazama kana kwamba anaongea lugha nyingine.

"Ya leo asubuhi?"

"Ndiyo. Meneja kaleta mwenyewe."

"Ya kuku gani?"

Mpishi akashangaa. "Si kuku wako?"

Alisimama. Tangu kuku wachomwe sikumwona amesimama haraka hivyo. Akavuka barabara, akapita ua, akaenda nyuma ya nyumba, mimi na mpishi tuko mgongoni. Majani yalikuwa yamekua hadi magotini, lakini kulikuwa na njia iliyokanyagwa inayokwenda moja kwa moja bandani. Meneja alijua kwamba hapo ni mahali pekee duniani ambapo mke wake hawezi kusogea. Akahamishia stoo yake humo.

Alivuta mlango. Harufu ya chai iliyochacha ikatupiga usoni. Beseni lilikuwa katikati, limefunikwa gunia. Na mayai yalikuwa yametandazwa yakauke juu ya nyasi kavu, ndani ya viota vile vile alivyovitengeneza kwa mikono yake. Kulikuwa na moja halijazama vizuri, nusu jeupe, nusu kahawia.

Aliliokota lile yai akaligeuza upande mweupe, kisha upande wa kahawia.

"Majani ya chai," akasema. "Mama alikuwa anacheka majani ya chai."

Ndugu walipokaa sebuleni, wifi ndiye aliyefungua kikao. Alisema maneno mengi juu ya usafi na juu ya marehemu. Meneja alikaa kwenye kiti cha mama yake, macho chini. Ndipo Mama Mayai akaingia na sinia, juu yake bilauri moja. Ilikuwa bilauri ya Bibi. Akaiweka mbele ya mume wake, akapiga magoti kama anayemkaribisha mgeni wa heshima.

"Kunywa, mume wangu."

Meneja akaitazama bilauri. Jasho likamtoka pale pale.

"Nini hiki?"

"Chai. Si unaipenda? Mama alisema unaitafuna."

"Mbona inanuka hivyo?" wifi akadakia. "Unataka kumpa kaka yangu nini?"

"Mwache anywe kwanza, wifi. Mama yenu alikunywa."

Meneja aliinua mkono kama anataka kuishika bilauri, akaurudisha. Mama Mayai akatoa lile yai la rangi mbili kutoka kwenye kanga yake, akaliweka kwenye sinia.

"Ulinipa kikapu kwa mikono yako. Nikakushukuru. Ulikaa hospitali, ukanisikia nasema nimemuua mama, ukanyamaza. Ulinitazama nawaita kuku wangu, ukanyamaza. Sasa usininyamazie. Kunywa, au sema."

Akasema. Alilia kama mtoto, akasema yote niliyowasimulia, tangu beseni la kwanza. Mpishi alikuwa mlangoni amejishika kichwa. Nami nilikuwa nataka kitu cha kumtupia, nisione hata kiatu karibu.

Mnadhani wifi alifanya nini? Mwanamke aliyeitangazia korido nzima ya hospitali alishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono.

"Basi," akasema. "Yaishie humu humu. Mama hatarudi. Tukiyatoa nje tunajivua nguo wenyewe. Wifi, tunakuomba. Kikao tumekifuta, nyumba kaa."

Hebu fikirieni! Wanampa nyumba ili iwe jela yake.

"Wifi," Mama Mayai akajibu, "mimi ulinisema mchana, mbele ya watu. Kuku wangu walichomwa mchana, mbele ya watu. Na hili litasemwa mchana."

Akabeba beseni lile lile kichwani, mpishi akabeba trei, wakaenda kwa maofisa wa afya mtaa mzima ukiwatazama. Mwisho wake Meneja alishtakiwa. Ndugu wakachanga, wakamlipia faini, akarudi nyumbani. Ndiyo, akarudi. Anaishi pale hadi leo, peke yake, hakuna anayemwita Meneja. Banda liko nyuma ya nyumba limeinama upande mmoja, majani yameyafunika magurudumu. Hoteli inanunua kwingine. Nasikia kila trei sasa wanavunja kwanza mayai ya majaribio, hawamwamini mfugaji yeyote, hata yule anayechapa kazi kwa haki.

Mama Mayai aliondoka na sanduku moja. Amepanga chumba mtaa wa pili, anafua nguo za watu. Wapo waliomfuata kumwomba radhi, na wapo ambao mpaka leo bado wanaona aibu kumsalimia. Mimi nilitaka arudi kwenye kazi yake. Uwanja wa nyuma wa chumba chake si haba, ungegawanyika vipande viwili vitatu. Nikanunua mitetea wawili wazuri, nikawafunga miguu, nikampelekea.

Aliwapokea, akawafungua kamba, akawapangusa migongo taratibu kama alivyozoea. Kisha akanirudishia.

"Chukua, jirani. Siwezi."

"Kwa nini, shoga? Hukukosea wewe. Watu wote wanajua hukukosea."

"Najua," akasema. "Lakini nikiwaita watakuja."

Funzo

Wafugaji na wauza mayai, nasema nanyi kwanza. Kiwanja kinachopumzika hakijalala, na kuku ana kiasi chake cha kutaga. Ukiona wateja wamezidi, waambie hakuna, waje kesho. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuambiwa mayai yamekwisha. Na usiliogeshe yai ili liuzike, wala kwa maji wala kwa chai. Lina koti lake, liache nalo. Sisi tunaokula, tupike mayai yaive, hasa ya wagonjwa na wazee, hata kama yametoka kwa mtu tunayempenda.

Wanandoa, kazi ya mwenzako si mali ya kuchezea kwa sababu tu mnalala kitanda kimoja. Jina la Mama Mayai lilijengwa kwa kusukuma lile banda kila wiki, mvua na jua. Mume wake aliliuza kwa majani ya chai.

Na wewe uliyekosea, kwa bahati mbaya au kwa tamaa, fungua mdomo mapema. Bibi huenda alikufa kwa tamaa ya mwanawe. Lakini yote yaliyofuata, kilio cha korido, moshi wa shimoni, mwanamke anayejilaumu barazani kwangu akikonda, hayo yalitokana na ukimya wa mtu mmoja aliyekuwa na nafasi ya kusema kila siku na kila siku akaamka akaenda kuogesha mayai.

Mitetea wale ninao mimi. Wanachakura nyuma ya baraza langu. Akipita Mama Mayai na karai lake la nguo, wanamkimbilia hadi barabarani, naye huongeza mwendo asiwatazame.